Bodi za saruji ufukweni: anza na skurubu

Kusi la kwanza baada ya kufunika kuta za ghorofa yetu ya juu kwa bodi za saruji, Jambiani, Unguja, lilipotulia, nikaona michirizi myekundu imeshuka chini ya kila skurubu, kama maji ya mkandaa. Nikapanda ngazi. Kichwa cha skurubu ya kwanza nilikigusa kwa ukucha tu, kikamomonyoka. Bodi yenyewe ilikuwa nzima, haijapinda wala haijaliwa.

Bodi hizi ni saruji, mchanga na nyuzi za mti. Mchwa hawana shughuli nazo. Kinachokufa mbele ya bahari ni chuma kinachozishika. Skurubu zetu zilikuwa za kupakwa zinki, na dukani tuliambiwa zinatosha. Kwa nyumba inayopigwa na rasharasha za chumvi hazitoshi, ndugu zangu. Nunueni za stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, daraja la 316, ambayo inahimili chumvi kuliko ile ya 304 iliyozoeleka madukani. Bei yake inauma, lakini mimi nimenunua skurubu mara mbili na kumlipa fundi mara mbili kwa ukuta mmoja.

La pili ni upepo wa kupita nyuma ya bodi. Fundi akikwambia abandike bodi moja kwa moja ukutani, mkatalie. Pigeni papi, yaani mbao nyembamba, wima, zilizotiwa dawa ya mchwa, ili ibaki nafasi ya kama sentimita 2 baina ya bodi na ukuta. Mvua inayosukumwa na kusi itapenya tu mahali. Muhimu ipate pa kutokea. Acheni wazi chini na juu, mtie wavu mdogo panya wasihamie.

Safu ya chini ianzie kama sentimita 15 juu ya ardhi, ipimwe kwa pima maji, kwa sababu ikienda upande zote za juu zitaifuata. Kila safu ilalie ya chini yake kwa sentimita 3 au zaidi, na kiungo kiangukie juu ya papi.

Pale mnapokata, pakeni rangi siku hiyo hiyo, kabla bodi haijapanda ukutani. Dondosheni tone la maji kwenye ukingo uliokatwa mtazame linavyonywewa. Ndivyo mvua itakavyofanya.

Kuhusu vumbi sitaki utani. Lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Sisi tuliacha grainda, tukachora bodi kwa kisu cha ncha ngumu na kuivunja. Ikibidi msumeno, kateni nje, upepo uwe mgongoni, mvae barakoa ya vumbi inayobana uso, kitambaa hakisaidii. Na msikate saa watoto wanapopita kwenda chuo cha Kurani.

Kubeba ni watu wawili, bodi ikisimama kwa ubavu. Ikilazwa, inakatika katikati.

Wenye nyumba za mawe na chokaa Mji Mkongwe nawaomba waache kabisa. Kuta zile hupumua, na mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Chokaa itengenezwe kwa chokaa.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na rangi ikikauka vizuri. Mkichelewa mkaanza Machi, masika yatawakuta na bodi zitakaa chini ya turubai mpaka Juni. Ziwekeni juu ya magogo, zilale sawa, zisiguse mchanga.