Wazungu nao walitibu kwa mizizi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi niko Newala, marehemu babu alikuwa anatibu kwa mizizi mpaka watu wanavuka Ruvuma kumfuata. Sasa juzi kijiweni kijana mmoja ananibishia ati mizizi ni mambo ya Waafrika tu, Wazungu wao hospitali toka zamani. Nikamwambia Wamormoni, wale watu wa dhehebu moja la Marekani, walivyohamia nyikani walikuwa na madaktari wao wa mizizi, wakacheka kijiwe kizima. Nilidanganya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujadanganya, huyo kijana akununulie soda. Mchukue mmoja tu, Priddy Meeks, kazaliwa 1795 South Carolina, akafika bonde la Salt Lake huko Utah 1847, mwaka uleule Wamormoni wa kwanza wanaingia. Alikuwa mkulima, na utabibu wake ulifuata njia ya Samuel Thomson, naye mkulima wa New Hampshire, aliyepewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya dawa zake mwaka 1813. Thomson alisema ugonjwa ni baridi imeingia mwilini, kwaiyo mgonjwa anapewa mmea wa lobelia atapike weee, anapewa pilipili, halafu anafukizwa mvuke mpaka jasho limtoke, yaani nyungu kabisa!

Usiwacheke lakini. Madaktari wenye vyeti wa enzi hizo walikuwa wanamtoa mgonjwa damu na kumpa kalomeli, dawa yenye zebaki ndani, meno yanalegea mate yanachuruzika. Alvin, kaka yake nabii wao Joseph Smith, alipewa hiyo kalomeli 1823 akafa, sa familia kama hiyo utaiambia nini kuhusu madaktari? (Lobelia nayo ikizidi ni sumu, msije mkaijaribu huko.)

Kilichonigusa mimi kwa Meeks ni njaa. Ule mwaka wa kwanza bondeni chakula kiliisha, familia yake ikakaa miezi bila kushiba, daktari mzima anashinda anachimba mizizi ya mbigili na vitunguu vya ua la sego, anakula matunda ya mawaridi ya porini na vikonyo vyake, anapiga kunguru wa kitoweo. Sisi wa kusini hatuhitaji kuelezwa, ming'oko, ile mizizi ya porini, tunaijua, ila yetu ina chumvi na pilipili na watu wanaila hata wakiwa na hela!

Mwaka 1849 yeye na Willard Richards, naye tabibu wa njia ya Thomson, wakaanzisha kikundi Salt Lake cha kufundishana afya na mitishamba. Halafu Meeks akahamia kusini mwa Utah, akafia Orderville 1886 akiwa na miaka 91.

Tunayajua haya sababu uzeeni alikaa akaandika maisha yake. Babu yako je, aliacha hata daftari? Kama nyumbani kuna anayekumbuka majina ya ile mizizi kwa Kimakonde, tuandikie.