Diwani mpya, lako limeandikwa wapi?

Kazi yangu kwa miaka kadhaa ilikuwa kukaa meza ya pembeni kwenye ukumbi wa halmashauri na kuandika mihutasari. Sisi watu wa vikao tunasikia yote, tunaandika machache. Kwa hiyo ninachowaambia waheshimiwa mnaoanza udiwani ni yale yanayoonekana kutoka kwenye meza ile, na yanatofautiana kidogo na yale mtakayofundishwa kwenye semina elekezi.

Kuna kikao kimoja cha robo mwaka diwani wa kata ya pembezoni alisimama akaieleza zahanati yake mpaka ukumbi ukatulia. Mhudumu mmoja, usiku hakuna mtu, akina mama wanapakiwa kwenye bodaboda wakiwa na uchungu. Alipokaa wenzake walimpigia meza. Waandishi wa habari walimfuata nje. Kwenye muhtasari ikawa hivi: "Mjumbe alitaka kujua hali ya utoaji wa huduma katika zahanati. Alijibiwa kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi." Basi. Robo iliyofuata tulipofika kwenye yatokanayo, yaani ajenda ya kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita, zahanati haikuwemo. Yatokanayo hubeba maazimio, na siku ile hakuna kilichoazimiwa. Hakuna aliyemhujumu, ni yeye aliyemaliza maneno yake bila kuomba kitu.

Usikae chini kabla hujaomba azimio, na azimio lenye mwenyewe. Sema hivi: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba baraza liazimie kwamba Mganga Mkuu wa Wilaya awasilishe kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji ya robo ijayo taarifa ya ikama ya watumishi wa kila zahanati, ikionyesha nani yupo kituoni na nani amehamishwa bila mbadala." Hapo pana mtu, kazi, mahali pa kuipeleka na muda. Lisome polepole ili anayeandika alipate lilivyo. Kisha robo ijayo fungua kabrasha ukurasa wa kuthibitisha muhtasari, uone kama limeandikwa ulivyolisema. Likiwa limepinda, wakati wa kulinyoosha ni huo huo. Muhtasari ukishathibitishwa na kusainiwa, ndiyo historia ya kikao. Nasema hili kwa sababu nimeona fomu ya posho ikisomwa kwa makini kuliko muhtasari.

Na neno "linafanyiwa kazi" lizoee mapema. Si uongo, ila halina tarehe. Dawa yake ni swali la nyongeza: lini, na nani ataleta taarifa?

Sasa tuje kwenye mlango wa kugonga, maana hapa ndipo madiwani wapya wengi wanapotea. Wananchi wakikuchagua wanadhani kila kitu kipo kwa mkurugenzi wa halmashauri. Hakipo. Barabara za vijijini na mijini zilikwenda TARURA mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ya vijijini, tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, yapo RUWASA, chini ya Wizara ya Maji. Umeme ni TANESCO na REA, wakala wa nishati vijijini. Ukimbana mkurugenzi barazani kuhusu daraja lililosombwa, atakujibu kwa adabu kwamba atawaandikia wahusika, na kweli ataandika. Wewe utakuwa umepoteza robo nzima.

Meneja wa TARURA wa wilaya na mwenzake wa RUWASA huitwa barazani, na huko ndiko wanakotoa taarifa zao. Usisubiri siku hiyo. Mfuate ofisini, uliza swali moja la msingi: barabara yetu imo kwenye mtandao wenu wa barabara zinazotambulika? Barabara isiyo kwenye orodha hiyo itakuwa vigumu kutengewa fedha ya matengenezo, hata ukilia machozi ya damu. Kama haimo, ombi lako la kwanza ni iingizwe, si ichongwe. Hayo ni maombi mawili tofauti, na hufuata njia tofauti.

Hata afya ina milango yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kwa hiyo diwani anayelalamikia dawa aanze na kamati ya usimamizi ya zahanati yake: kiasi gani kimeingia, kimeagiza nini Bohari ya Dawa, na kimepokewa nini. Ukija kwenye kamati na majibu hayo matatu, hakuna mtaalamu atakayekuzungusha.

Nimetaja kamati. Baraza la robo mwaka ndilo linaloonekana, lina wageni, lina Mkuu wa Wilaya, lina kamera. Lakini mambo huchambuliwa kwenye kamati za kudumu, na baraza mara nyingi hupokea kilichokwishaiva. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukaa kila mwezi, nyingine hukaa kila robo. Kule mkuu wa idara amekaa hatua chache kutoka kwako, ana faili lake, hana sababu ya kujitetea mbele ya umati. Ukimshtukiza barazani atalinda heshima yake kwanza, tatizo lako baadaye. Mimi ningepeleka jambo kamatini, nikipigwa chenga mara moja ndipo nilipandishe barazani, nikiwa na muhtasari wa kamati mkononi. Diwani anayefanya hivyo anaogopwa kuliko anayepiga kelele.

Lakini msingi wa yote haya upo kwenye kata yako. Kamati ya Maendeleo ya Kata (WDC) mwenyekiti wake ni wewe, katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Humo wamo wenyeviti wa vijiji au mitaa. Jambo likipita huko na likaandikwa, ukilisimamia halmashauri unasema "WDC yetu ilikaa, ikaona hivi, muhtasari huu hapa", wala hakuna wa kukuambia kwamba ni maneno ya kijiweni. Ukilibeba kichwani, ni maoni yako tu, hata kama kata nzima inalijua.

Kisha kuna taarifa za kata, zinazosomwa kabla ya mkutano wenyewe wa baraza. Hii ni nafasi ambayo kila kata inapewa bure kila robo, na wengi wanaitupa. Mtendaji anachukua taarifa ya robo iliyopita, anabadilisha tarehe, diwani anaisoma bila kuipitia. Niliwahi kupokea taarifa ya Aprili hadi Juni inayoeleza maandalizi ya kupokea wanafunzi wapya wa Januari. Ukumbi ulicheka, mtendaji akasimangwa, lakini aliyesimama kuisoma alikuwa mheshimiwa. Kaa na mtendaji wako siku mbili tatu kabla. Changamoto zisizidi tatu, kila moja iwe na jina la kijiji na idadi: madawati mangapi, wanafunzi wangapi, darasa gani.

Kuhusu bajeti nitakuwa mfupi, japo ndiyo inayoumiza zaidi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mipango huibuliwa vijijini kwa njia ya fursa na vikwazo, tunayoiita O&OD, na baraza kwa kawaida hupitisha makisio miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla hayajapanda mkoani na TAMISEMI. Ukileta boma la darasa, yaani jengo lililoanzwa na halijamalizika, mwezi Mei, unaomba la mwaka unaofuata baada ya huo unaokuja. Lilete Oktoba au Novemba. Tena usiseme "tuna maboma mengi". Taja moja: limefikia lenta, wananchi wametoa tofali na nguvu kazi, makadirio ya mhandisi wa kumalizia haya hapa. Mipango hupenda kitu kilichokwishaanza, na boma lenye makadirio litapita mbele ya matano yasiyo nayo.

Jambo la mkurugenzi lina utata wake. Ni katibu wa baraza, lakini ameteuliwa na Rais, na anawajibika juu zaidi ya ukumbi ule. Huwezi kumwagiza kama unavyomwagiza mtu wako wa kampeni. Vivyo hivyo mwalimu au mganga wa kijijini. Nimesikia habari za waheshimiwa wanaomwambia mtumishi mbele ya mkutano wa hadhara "kesho nisikuone hapa". Wananchi hushangilia, mtumishi hubaki, na wewe unakuwa umetumia sauti yako kwa kitu usicho na mamlaka nacho. Mambo ya nidhamu yana utaratibu: baraza hukaa kama kamati, wageni na waandishi hutoka, hoja hujadiliwa kwa ushahidi. Leta ushahidi, mengine yaache yafuate njia hiyo.

Na kuna kikao ambacho muhtasari wake sikuwahi kuandika mimi: kile cha madiwani wa chama, siku moja kabla ya baraza. Mambo mengi huzimwa huko kwa sababu za umoja, hasa pale ambapo karibu ukumbi mzima ni chama kimoja. Sikwambii ukaidi. Ukiombwa kunyamaza, kubali kwa sharti: jambo liende kamatini robo hii, na aliyeahidi aseme tarehe. Ukinyamaza bila sharti, wananchi wako hawatajua kama uliwahi hata kulitaja.

Madiwani wa viti maalum nimewaacha mwisho, na wengi wao huulizwa "wewe ni wa kata gani?" kana kwamba hawana pa kusimamia. Wanapo, tena pazuri. Chukueni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kelele za vikundi hewa, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Malalamiko yake hayana mipaka ya kata, kwa hiyo diwani wa kata moja huyaona vipande vipande. Ninyi mnaweza kuyaona yote. Ombeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii orodha ya vikundi vilivyoomba, vilivyopata, vilivyokataliwa na sababu zake, kata kwa kata, na muipate kabla ya kamati kukaa ili mpate muda wa kupiga simu tatu nne na kuuliza kama vikundi hivyo vipo.