Zima Feni Kwanza: Kupiga Muhuri Kucha Nyumbani Kisumu

Nilianza kupiga muhuri kucha nikiwa Nakuru, chumbani kwa binamu yangu kule Section 58, na sikuona ugumu wowote. Unapaka rangi kwenye kibati chenye michoro iliyochongwa, unakwangua inayozidi, unagusisha stempa, yaani kimuhuri laini cha kushika mkononi, mchoro unapanda, unauhamishia kwenye kucha. Basi. Nikaolewa, nikahamia Kisumu, nikafungua mkoba uleule wenye rangi ileile na stempa ileile, na kwa wiki mbili hakuna ua hata moja lililokubali kutoka kwenye kibati.

Nilidhani stempa imechoka. Nikanunua nyingine. Nikanunua na ya tatu, ile unayoona hadi upande wa pili kama kioo cha dirisha. Aliyenifumbua ni wifi yangu, ambaye hajawahi kushika stempa maishani mwake. Alikuwa amekaa anapigwa upepo, akanitazama nikihangaika, akauliza, "Kwani hiyo rangi haikauki na hii feni yote, wifi?"

Ilikuwa inakauka, tena vibaya sana. Rangi ya kucha hukauka kwa sababu kimiminika kilichoiyeyusha kinaruka hewani, na ile inayobaki kwenye mifereji ya kibati ni kidogo mno, inamalizika kwa sekunde chache. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jioni unatafuta sweta. Kisumu iko kama mita 1,130, na saa nane mchana siagi mezani ni mchuzi. Mikono niliyoizoeza kule juu ilikuwa inaninyima muda huku chini.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa kununua kitu kingine, zima feni. Madirisha yaache wazi kwa sababu ya harufu, lakini usikae kwenye njia ya upepo. Mimi hufanya kazi hii asubuhi kabla jua halijashika mabati, au usiku. Na kila kitu kiwe mbele yako kabla kichupa hakijafunguliwa: kibati, kadi ya kukwangulia, stempa, seloteipu. Ukiinuka kutafuta kadi, umeshachelewa. Mimi huhesabu kwa sauti. Moja, napaka. Mbili, nakwangua. Tatu, nainua. Nikifika tano bado niko kwenye kadi, nafuta kibati na kuanza upya, sijisumbui hata kujaribu.

Vifaa ni vichache kuliko unavyoonyeshwa kwenye video. Kibati kimoja, stempa moja, rangi ya muhuri nyeusi na nyeupe. Rangi za muhuri ni nzito na zimeshiba, ndiyo maana mstari mwembamba kama unywele unaonekana. Nyeusi ya kawaida huweza kukubali ikiwa ni nzito. Nyeupe ya kawaida usihangaike nayo, itatoka kama maziwa yaliyotiwa maji. Na rangi ikiganda kwenye chupa, iongezee matone mawili matatu ya dawa ya kulainisha rangi, si asetoni. Asetoni huiharibu, inakuwa na madonge.

Kibati kipime kwa ukucha: upitishe juu ya mchoro uhisi kama mifereji ina kina. Kama kunateleza tu, kirudishe. Na ninaona aibu kusema hili, lakini kibati changu cha kwanza kabisa nilikipigia muhuri nusu saa kikiwa bado na ile plastiki nyembamba ya buluu inayokilinda kisikwaruzwe. Ibandue. Kisha kifute kwa asetoni, maana vingi hutoka kiwandani na mafuta mafuta.

Kukwangua ndiko kunakowashinda wengi. Chukua kadi ya plastiki iliyokwisha muda; wembe na chuma vitaacha mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo nayo itapiga muhuri. Ilaze kadi nusu mshazari, kama nyuzi 45, uivute mara moja. Tuseme mara mbili. Mwanzoni nilikuwa nakandamiza kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria, kumbe nilikuwa nachimbua rangi hata ndani ya mchoro. Ukifanya sawasawa kibati kinabaki na ukungu mwepesi wa rangi, na ua limesimama katikati limejaa.

Kuinua nako hakutaki nguvu. Stempa ngumu unaibingirisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ile laini unaigusisha moja kwa moja na kuinua. Masalio ya rangi kwenye stempa yaondoe kwa seloteipu, hasa kama ni stempa ile ya kama kioo, kwa sababu asetoni huifanya iwe na utando kama jicho la mzee. Kucha za mkono unaotumia kufanyia kazi zilinitesa mpaka nilipogeuza mambo: stempa naishika imetulia kwa mkono wa kushoto, mchoro ukiangalia juu, halafu ukucha wa kulia ndio unaoifuata na kujibingirisha juu yake.

Anza na michoro inayofunika ukucha mzima, kama nyavu, majani au madoadoa. Ua moja la katikati linaonekana rahisi, lakini likienda kando kidogo tu kila mtu analiona.

Rangi ya chini lazima iwe imekauka. Ukitumia rangi ya jeli, ile inayokaushwa kwa taa, futa ule unato wa juu kwanza. Kuzunguka ukucha paka gundi nyeupe ya karatasi, iache ikauke, ukimaliza uibandue na uchafu wote. Kuna na ile ya mpira inayouzwa kwa kazi hiyo. Mwenye mzio wa mpira aikwepe.

Sasa asetoni. Nilimwaga kifuniko kimoja tu juu ya meza ya mama mkwe, yenye kitambaa cha plastiki cha picha za matunda. Nilipopangusa, pamba ilikuja na chungwa zima. Pale mezani pamebaki duara jeupe lenye makunyanzi, na mama mkwe huweka chupa ya chai juu yake wageni wakija, bila kusema neno. Tandika gazeti. Na usifanye kazi hii karibu na jiko, liwe la makaa au la gesi: asetoni inashika moto kirahisi, na hata mvuke wake unashika. Kufutia kibati, kipande cha fulana kuukuu ni bora kuliko pamba, ambayo huacha nyuzi kwenye mifereji.

Rangi ya juu ya kung'arisha isubiri dakika moja mbili. Chukua tone kubwa, libebe kwa brashi bila brashi yenyewe kugusa mchoro, upitishe mara moja. Ukirudia rudia, nyeusi itatambaa. Malizia kwa kufunga ncha ya ukucha, maana ukiosha omena na sufuria za ugali, rangi huanza kubanduka pale.

Siku hizi wifi ndiye mshika swichi. Nikisema zima, anazima. Ua likishapanda kwenye stempa, anawasha. Jumapili iliyopita akadai malipo yake, vidole vyote kumi. Vidole vinane vilikwenda vizuri. Dole gumba lake lakini ni pana kuliko mchoro wowote kwenye kibati changu, ikabidi tupige mara mbili, nusu kwa nusu, kwenye kila gumba. Ukiangalia kwa karibu, mshono unauona.