Muulize Bibi Fundi: Vidole vinakufa ganzi usiku

SWALI: Shikamoo Bibi Fundi. Nina miaka 29, nashona Manzese, Dar es Salaam. Tangu nipate oda ya sare za shule, vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Usiku naamka, naukung'uta mkono ndipo nipate usingizi. Mama anasema ni baridi, nimechua dawa mpaka chupa imeisha. Nibadilishe cherehani?
Fundi wa Manzese

JIBU: Marahaba, mwanangu. Cherehani iache, pesa yako itakufaa kwingine. Kwanza, kidole kidogo nacho kinakufa ganzi? Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na pengine upande wa cha pete, na kidogo kimesalimika, basi huenda ni ule mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono. Njia yake ni nyembamba na inapita pamoja na kano za vidole. Humo ndani pakivimba, mshipa unabanwa.

Mimi wangu ulibanwa mwaka 1998, na wala si kwa kushona. Ni kwa kukata! Nilikuwa nakatia sakafuni, juu ya jamvi, vitambaa sita kwa mpigo ili niwahi, na mkasi wenyewe butu. Kifundo kimepinda, mpini umenikita kiganjani mchana kutwa. Sare ndivyo zilivyo: kushona ni mstari ulionyooka, ila kukata hakuishi.

Nikatafuta meza, nikaiinua kwa matofali hadi usawa wa kiuno, nikawa nakata nimesimama na kifundo kimenyooka. Mkasi nikaupeleka kwa mnoaji. Ukiwa mkali hauombi nguvu. Kata vitambaa viwili viwili. Ukishakata sare tano, kaa ushone, kisha urudi. Najua mteja anapiga simu. Mwache apige.

Usiku usilalie mkono uliokunjwa. Maduka ya vifaa vya tiba yanauza kile kifunga mkono chenye bati ndani. Kivae ukilala, kifundo kibaki kimenyooka. Usikikaze.

Lakini ganzi ikishinda mchana kutwa, au sindano ikawa inakuponyoka, au nyama ya chini ya gumba ikanywea, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Na kama una ujauzito au kisukari, mwambie daktari, maana navyo huleta ganzi ya namna hii.

Chupa nyingine ya dawa ya kuchua usinunue. Mama mwambie nimekukataza mimi.