Kitu cheupe kwenye eksirei ya shingo: si lazima kiwe mwiba wa samaki

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mama yako, mkazi wa Tukuyu mwenye miaka 52, ana miezi mitano akihisi kitu kinamchoma upande wa kulia wa koo, kwamba maumivu hupanda hadi sikioni anapomeza au kugeuza shingo, na kwamba eksirei imeonyesha "kitu kama mfupa" ambacho ndugu zako wanasema ni mwiba wa mbasa aliyemla Kyela. Nimepiga picha za mionzi jijini Mbeya kwa miaka mingi, na nakujibu kwa sababu kosa la namna hiyo nililifanya mwenyewe nilipokuwa mgeni kazini.

Alikuja kuli mmoja wa viazi kutoka Uyole, aliyekula samaki usiku uliotangulia. Katika picha ya ubavuni niliona kitu kidogo cheupe kati ya mfupa wa ulimi (mfupa mdogo ulio shingoni, chini ya ulimi) na gegedu (mfupa laini) kubwa la zoloto, yaani kisanduku cha sauti, nikaandika bila kusita kuwa ni mwiba. Alipewa dawa ya usingizi, koo likachunguzwa lote, na hakikupatikana kitu. Mkubwa wangu wa kazi aliitazama picha ile akasema kuwa kile ni kigegedu kinachokaa ndani ya kano ya pembeni inayounganisha mfupa wa ulimi na zoloto, na kwamba jina lake la Kilatini humaanisha kilicho kama punje ya ngano. Wako wasio nacho kabisa, wako wenye nacho upande mmoja tu, na kikiingiwa na chokaa hung'aa kwenye picha kuliko miiba mingi ya samaki, ambayo mingine haionekani kabisa.

Maelezo ya mama, hata hivyo, yananipeleka juu zaidi, kwenye kitako cha fuvu, kwa mfupa mwembamba uitwao stiloidi unaoning'inia chini ya sikio. Kuanzia wiki ya 4 tangu kutungwa kwa mimba, pande mbili za shingo ya kiinitete huota matao, na kila tao huwa na gegedu lake. La kwanza huacha nyundo na fuawe, vijifupa vya sikio la kati. La pili, linaloitwa gegedu la Reichert kwa jina la mwanaanatomia Mjerumani, huacha kikuku (kijifupa kingine cha sikio), stiloidi yenyewe, na pembe ndogo za mfupa wa ulimi. Pembe kubwa hutoka tao la 3, na magegedu ya zoloto hutoka la 4 na la 6. Sehemu ya kati ya gegedu la Reichert kwa kawaida hutoweka, ikabaki kano tu. Isipotoweka, au kano yenyewe ikigeuka mfupa, stiloidi, ambayo kwa kawaida ina sentimita 2.5 hivi, hupita 3 na pengine hukaribia mfupa wa ulimi. (Aliyewahi kuchambua kichwa cha mbuzi cha supu ameuona mnyororo huo: kwa mbuzi huwa mfupa kwa kawaida.)

Daktari Watt Eagle wa Marekani alieleza mwaka 1937 jinsi stiloidi ndefu inavyoweza kuleta maumivu ya koo na sikio, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa tao la 3 hupita jirani nayo. Lakini usikimbilie kusema jibu limepatikana: wengi wenye stiloidi ndefu hawaumwi chochote, na urefu kwenye picha peke yake hautoshi kumpeleka mtu kwenye upasuaji.

Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, ukiwa na picha yenyewe, si karatasi ya majibu tu. Atabonyeza kwa kidole kwenye shimo la findofindo la kulia. Maumivu yaleyale yakiamka hapo, kipimo cha CT (picha za mionzi za tabaka kwa tabaka) kitaonyesha urefu na mwelekeo wa mfupa, na matibabu huanza na dawa au sindano kabla ya kufikiria kuukata. Hata hivyo aingiziwe kamera kooni kwanza, kwa sababu maumivu ya sikio la upande mmoja yasiyokoma katika umri wake yanaweza pia kutoka kwenye uvimbe wa koo. Akishindwa kumeza mate, akipata homa au shingo ikivimba, msingoje miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.