Moonlight Graham hakuacha besiboli baada ya mechi moja

Wapo wanaoamini kwamba Moonlight Graham, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyekuja kuwa daktari, aliacha mchezo siku ileile ya mechi yake moja ya ligi kuu. Hapana, hakustaafu siku ile. Aliendelea kucheza ligi za chini hadi 1908, miaka ya mwisho akiwa Scranton, Pennsylvania. Mechi yake pekee ya ligi kuu ilikuwa tarehe 29 Juni 1905, timu yake ya New York Giants ikicheza dhidi ya Brooklyn. Aliingizwa mwishoni kulinda nyuma, upande wa kulia. Giants waliporudi kupiga, alikuwa amesimama akisubiri zamu, mwenzake aliyemtangulia akatolewa, na zamu ya timu ikaisha kabla yeye hajapiga. Ndiyo maana rekodi zinasoma mechi 1, zamu za kupiga 0.

Iliyowachanganya wengi ni filamu ya 1989, Field of Dreams, iliyoisogeza mechi hadi 1922 na kifo chake hadi 1972. Ukweli ni kwamba alifariki 1965.

Halafu udaktari haukuwa kimbilio la aliyeshindwa uwanjani, maana alikuwa akiusomea huku anacheza, Chuo Kikuu cha Maryland. Mwaka 1909 alihamia Chisholm, mji wa migodi ya chuma huko Minnesota, na baadaye akawa daktari wa shule kwa miaka zaidi ya 40. Kwangu mimi hapo ndipo penye habari kubwa kuliko besiboli: alipima presha za wanafunzi kwa miaka mingi, na matokeo yakachapishwa 1945 kwenye jarida la magonjwa ya watoto, akishirikiana na watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic.