Nusu saa ya kuchora kila jioni: acha ukurasa wa jana ukupangie wa leo

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Unafanya kazi dukani, unafunga saa mbili usiku, ukishakula unabakiwa na nusu saa au dakika arobaini kabla ya kulala. Ulipakua ratiba mtandaoni, Jumatatu anatomia (mifupa na misuli), Jumanne perspektivu (vitu vinavyoonekana kupungua vikiwa mbali), Jumatano vivuli, na imekushinda. Halafu ukagusia jambo ambalo waliotangulia kukujibu wamelipita tu: ukipiga gridi, ile mistari ya vijumba, juu ya picha ya msanii wa bongo fleva unamtoa vilevile, lakini mama yako akikaa mbele yako anakata mchicha huwezi kumchora. Mimi naanzia hapo hapo.

Nachora vielelezo vya vitabu vya watoto, ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba. Chuo cha sanaa sikupita, nilijifunza jioni baada ya kibarua kama wewe. Kwa hiyo hapa hamna mwalimu, ni mwenzako aliyetangulia hatua chache.

Gridi haina dhambi, wanaoitukana wanajitia tu. Van Gogh mwenyewe, yule mchoraji wa Kiholanzi, alipokuwa mji wa The Hague mwaka 1882 alitengenezewa fremu yenye nyuzi zilizokatizana, akawa anaisimika nje na kuchungulia kupitia humo. Ila yeye alikuwa anachungulia kitu chenyewe, hai, kilichokaa mbele yake. Wewe unapiga gridi juu ya picha ya simu, na hapo kamera imeshamaliza kazi ngumu yote. Imeshaamua goti linalokuelekea limefupika kiasi gani, na bega la mbali limeshuka kiasi gani. Ulichobakiziwa ni kuhamisha kijumba kimoja kimoja na kutia kivuli. Vidole vinakuwa hodari sana kwa kivuli, jicho linabaki lilipokuwa. Ndiyo maana mama anakushinda.

Sasa ratiba. Ubaya wa zile za kupakua ni kwamba aliyeziandika hajui wewe unakosea wapi. Anakupa mifupa ya bega siku ambayo shida yako ni kwamba huwezi kuchora kikombe kikakaa mezani bila kuonekana kinaanguka. Mimi sipangi mada ya kesho mpaka nione kosa la leo. Ukurasa wa jana ndio unaoniambia leo nikae na nini. Nikupe mfano, maana haya maneno yakikaa hewani hayasaidii.

Chukua sufuria tupu, iweke sakafuni, kaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka hapo. Ichore. Karibu kila anayeanza anafanya mambo mawili. Mdomo anauchora mviringo kupita kiasi, kwa sababu kichwani anajua mdomo wa sufuria ni duara. Kitako anakichora mstari ulionyooka, kwa sababu anajua sufuria imekaa sakafuni haiyumbi. Sasa iangalie tena. Mdomo umelala, ni duaradufu, yaani duara lililobanwa. Kitako nacho kimepinda, tena kimepinda kuliko mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho yako. Huamini? Mwambie mdogo wako ainyanyue sufuria polepole, bila kuiinamisha, mpaka ifike mbele ya uso wako. Utaona mdomo unavyozidi kulala hadi unageuka mstari mmoja ukifika sawa na jicho, na ukipita hapo unaanza kupinda upande wa pili.

Kisha pima. Nyoosha mkono wote, kiwiko kisikunje, fumba jicho moja. Ncha ya kalamu iguse ukingo wa kushoto wa mdomo, kidole gumba kisogee hadi ukingo wa kulia. Huo ndio upana. Bila kukisogeza kidole, geuza kalamu wima uone kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma ni sehemu gani ya huo upana. Ukiwa kwenye kigoda pengine utakuta ni nusu tu, na kwenye karatasi yako ulichora karibu sawa. Hapo umelikamata kosa, tena kwa kipimo. Na zile kona mbili za pembeni usizichonge zikawa kama ncha za jani la mwembe. Pale mstari unageuka, hauvunjiki.

Basi, kesho yako imeshajipanga. Kesho ni vikombe, ndoo, beseni, mfuniko wa chungu, kila kitu cha mviringo kilichomo nyumbani, kwa urefu tofauti wa jicho. Keshokutwa hamia kwenye kijiwe cha bodaboda, chora matairi ya pikipiki zilizoegeshwa mshazari, maana tairi ni mdomo ule ule wa sufuria uliosimamishwa. Utagundua tairi la mbele limekaa upande kwa sababu usukani umepindishwa, la nyuma halijapindishwa, na maduara mawili hayalingani. Ukishaweza hilo, mtazame mama anavyokata mchicha. Upindo wa mkono wa blauzi yake unazunguka mkono kama mdomo wa sufuria ulivyozunguka sufuria. Mkono ukikujia, upindo unapinda upande mmoja. Mkono ukienda zake, unapinda upande wa pili. Watu wengi wanahangaika na majina ya misuli kabla ya kuliona hilo. Umefika kwa mama bila kufungua sura ya anatomia, na hakuna siku uliyokaa ukijiuliza leo nichore nini.

Kuhusu hiyo nusu saa yenyewe, mimi nakaa nayo hivi. Dakika chache za mwanzo ni za mkono: naweka nukta mbili mbali mbali kwenye karatasi, napitisha kalamu hewani kutoka moja hadi nyingine bila kugusa, mkono ukishaizoea njia ndiyo napiga mstari kwa mpigo mmoja. Bega ndilo linalosogea, kifundo kimetulia. Baada ya hapo maduara, makubwa kwa madogo. Inachosha, lakini usiivushe dakika tano ikageuka kuwa ndiyo zoezi lenyewe. Nawajua watu wenye mistari mizuri kama ya rula na hawajawahi kuchora kiti.

Katikati ndiyo kazi, ule mwendelezo wa kosa la jana. Na dakika tano za mwisho, ambazo wengi wanazila, ni za kukagua. Geuza karatasi kichwa chini miguu juu, au itazame kwenye kioo. Kilichoinama kinajitokeza chenyewe. Halafu kwenye kona andika tarehe na kosa moja. Moja tu, usiandike orodha ya kujitukana. "Kitako kimenyooka." "Macho yamepanda." Hili la macho utaliandika sana ukianza sura za watu. Macho yako karibu katikati ya kichwa, nusu juu nusu chini, lakini kwa kuwa paji na utosi havitushughulishi tunavibana, macho yanakwenda kukaa karibu na nywele.

Vifaa visikuumize kichwa. Kalamu ya Bic ya bluu na karatasi za A4 zilizochapwa upande mmoja, omba steshenari yoyote watakupa bure au kwa bei ya kutupa. Napendelea wino kwa mazoezi kwa sababu haufutiki. Mwenye kifutio mkononi anatumia nusu ya muda wake kusafisha jicho la kushoto, mwenye wino analazimika kuangalia kabla ya kupiga. Mstari ukikosea, piga mwingine pembeni yake, wa kwanza uache pale uuone. Penseli iweke kwa ajili ya vivuli, zile laini za 2B na 4B zinatosha. Daftari zuri la jalada gumu ndilo adui, mtu analionea huruma.

Umeme ukikatika usilale. Yai moja mezani, tochi ya simu upande mmoja, ni darasa la kivuli ambalo mchana huwezi kulipata, kwa sababu mwanga unatoka sehemu moja tu. Utaona upande wenye mwanga, upande wenye giza, kivuli kilichoanguka mezani, na kile ambacho wengi hawakitii: mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani na kuligusa yai kwa chini, upande ule ule wa giza. Kiache kiwe hafifu. Kikizidi, yai linapasuka.

Watu wanaosogea ni habari nyingine. Mchana dukani wateja wakipungua, chora aliyesimama nje kwa sekunde thelathini, ukianza na mstari wa mgongo na mguu ulioubeba uzito. Uso achana nao. Akiondoka, ameondoka, usimmalizie kwa kumbukumbu, anza mwingine. Akikuuliza unaandika nini, mwonyeshe. Mara nyingi anacheka na kukaa sawa, jambo linaloharibu kila kitu, lakini umepata rafiki. Mzee usimchore kabla hujamsalimia. Na karibu na kambi ya jeshi daftari libaki mfukoni, sitaki kusikia habari zako kwingine.

Kunakili kazi za wengine kuna faida yake, aliyekuambia ni wizi hajui historia. Huyo huyo Van Gogh alianza kuchora kwa dhati mwaka 1880 akiwa na miaka 27, na alianza kwa kunakili karatasi za mazoezi za Mfaransa Charles Bargue. Mwaka 1890, ameshachora alizeti zake zote, akaziomba tena azirudie. Nakili, ila nakili kwa jicho bila gridi, halafu weka yako juu ya ile ya asili uone zimeachana wapi. Hilo nalo ni kosa la kuandika kwenye kona.

Jumapili nimeiacha iwe ya raha. Siku hiyo piga gridi yako, mchore msanii wako, weka Instagram, pokea sifa. Kurasa za katikati ya wiki zisiende huko, maana ukishajua zitaonekana utaanza kuzichora za kupendeza, na hapo utakwepa vile vinavyokushinda.

Siku zitaruka. Kutakuwa na msiba, kutakuwa na kufunga hesabu za mwezi, kutakuwa na homa. Usilipe deni, yaani usiseme kesho nitakaa saa moja kufidia, hapo ndipo ratiba nyingi zinapofia. Siku iliyobana kabisa, chora mkono wako wa kushoto ukisubiri chai ichemke, andika tarehe, kalale.

Jambo moja niseme kwa haki. Haya yote ni kwa anayetaka kuchora anachokiona. Kama moyo wako uko kwenye michoro ya tingatinga, njia ni nyingine. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 hapa Dar, kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya hadibodi, na hakuhitaji sufuria yangu wala usawa wa macho. Ufundi ule unarithishwa kwa kukaa pembeni ya fundi na kuiga mkono wake. Nenda Morogoro Stores pale Oysterbay, uwatazame wanavyofanya kazi, ndipo uamue.

Uliuliza pia kuhusu tableti ya kuchorea. Kama hujapata mteja anayetaka kazi ya kidijitali, pesa hiyo iache. Tableti ina kitufe cha kurudisha nyuma, na hicho ni kifutio kibaya kuliko vyote.

Leo anza na sufuria. Ukimaliza ipige picha uiweke hapa, na utuambie ulikaa kwenye kigoda au kwenye kiti na sufuria ilikuwa umbali gani. Bila hayo hatuwezi kukuambia kama mdomo umekosea au ndivyo ulivyouona.